Mama mhasibu, saa za kunyonyesha si hisani

Kama wewe ni mhasibu na umejifungua mwaka huu, hebu fanya hesabu hii ndogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo hiyo unaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Ukiianza hapo, siku 28 zinakwisha mtoto hajazaliwa, na unarudi ofisini akiwa na siku 56 hivi. Lakini kliniki wamekuambia, na ni kweli, kwamba mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo. Miezi sita ni kama siku 180. Toa 56, zinabaki 124. Hata ukianza likizo siku ya kujifungua, bado kuna pengo la siku 96.

Ndani ya pengo hilo ndipo uji wa mapema, maziwa ya kopo na maji ya glukosi huingia. Mama anampenda mwanawe. Kinachomshinda ni jinsi siku yake ilivyopangwa.

Mchukulie mhasibu anayeishi Chanika na ofisi yake iko Posta, Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri ananyonyesha, anamwachia dada maelekezo, anakimbilia daladala. Saa mbili asubuhi yuko mezani. Ikiwa ni wiki ya kwanza ya mwezi, kodi ya mishahara inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 7. Akimaliza hapo, ritani ya VAT inamsubiri tarehe 20. Katikati kuna vocha, usuluhishi wa benki na mkaguzi anayetaka risiti ya miezi mitatu iliyopita. Saa saba mchana matiti yamejaa na yanauma, blauzi imelowa, lakini bosi anataka ripoti. Anatoka saa kumi na moja jioni, anakaa kwenye foleni, anafika nyumbani saa moja usiku. Kutoka mnyonyesho mmoja hadi mwingine zimepita saa 14.

Mwili haujui tarehe 7 wala tarehe 20. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi likikaa limejaa kwa saa nyingi kila siku, mwili unapokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, nao unapunguza kuyatengeneza. Ndiyo maana mama wengi husema "maziwa yamekata" wiki chache baada ya kurudi kazini. Na maziwa yanayokaa bila kutolewa yanaweza kuziba njia zake, titi likavimba, likapata maambukizi na hata jipu.

Sheria hiyohiyo imeliona jambo hili. Inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hiyo ni haki. Lakini katika ofisi nyingi mama anaiomba kwa sauti ya chini kama anayeomba mkopo, na mwisho wa mwezi ukifika yeye mwenyewe anaisamehe.

Waajiri husema kazi ya uhasibu ina dharura zake. Sikubaliani nao. Tarehe ya kulipa kodi inajulikana mwaka mzima kabla. Awamu za kodi ya makadirio nazo zina tarehe zake kwa kila kampuni. Jambo linalojulikana siku yake si dharura, ni ratiba, na ratiba hupangwa. Ofisi inayoweza kupanga malipo ya wauzaji 50 inaweza kupanga nani ashike meza kwa nusu saa mama anapokamua maziwa. Mwajiri naye apige hesabu: mtoto anayeharisha mara kwa mara humtoa mama kazini siku nzima, na mama aliyeacha kazi huondoka na uzoefu wake wote.

Ushauri wangu ni kwamba usizitumie saa zote mbili kutoka mapema jioni. Ni kweli utawahi kufika, lakini titi litakuwa limekaa kutwa nzima bila kutolewa maziwa. Kama nyumbani ni mbali, zungumza na mwajiri mzigawe: nusu saa asubuhi, nusu saa mchana za kukamua, na saa moja ya kuwahi kutoka. Unachohitaji ni chumba chenye mlango unaofungwa, kiti, na maji ya kunawa mikono. Choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto.

Namna ya kukamua si ngumu. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia chombo safi chenye mfuniko, uandike tarehe na saa. Maziwa yakikaa mezani, yasizidi saa nne, na kwa joto la Dar es Salaam ni heri yawekwe kwenye baridi mapema. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Kwenye kibegi cha baridi chenye barafu hukaa hadi saa 24, kwa hiyo yanaweza kusafiri nawe hadi Chanika bila shida. Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe jikoni. Mfundishe dada au bibi kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, kwani chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe ndani ya saa mbili, yasirudishwe kwenye friji. Usiku, mnyonyeshe kila anapotaka. Huo ndio wakati mwili hujenga upya akiba yake.

Nawe baba, usiseme unyonyeshaji haukuhusu. Kuosha vikombe, kupika chakula cha jioni na kumbeba mtoto ili mama alale saa mbili ni sehemu ya lishe ya mtoto wako. Kama na wewe ni mhasibu unayefunga mahesabu, mnajua wote wawili wiki ngumu ziko wapi. Zipangeni mapema.

Usingoje mambo yaharibike. Nenda kituo cha afya ukiona titi limekuwa jekundu, la moto na lenye maumivu, hasa ukiwa na homa. Katika hali hiyo kwa kawaida hutakiwi kuacha kunyonyesha. Kutoa maziwa ni sehemu ya tiba. Mpeleke mtoto ikiwa anakojoa chini ya mara sita kwa siku, amelegea, au mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umelala au unashuka. Usianze maziwa ya kopo kwa ushauri wa jirani kabla mhudumu hajamwona.

Wiki mbili kabla ya likizo kwisha, fanya mambo mawili. Anza kukamua kidogo kila siku ili wewe na mtoto mzoee, na umwandikie mwajiri barua ukitaja saa utakazotumia kunyonyesha au kukamua. Iandike kwa maandishi, utunze nakala. Wewe ni mhasibu, unajua kwamba kisicho na hati ni vigumu kukidai.