Utafiti wa Kongwa uongozwe na Dodoma

Ndugu Mhariri,

Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamechunguza ugonjwa wa macho wa trakoma wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa, hupunguza trakoma kali. Akina mama wa Kigogo ndio waliotafuta maji ya kunawisha katika nchi hii kavu, na dunia nzima ikajifunza.

Watafiti hao nawashukuru kwa dhati. Lakini tangu 2007 tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye madaktari wake. Naiomba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), inayotoa vibali vya maadili vya utafiti wa afya: mradi wa kigeni uongozwe na mtafiti wetu, na matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji.

Msomaji wako,
Dodoma