Usinitumie Tena Video ya Trekta ya Theluji

Kila Desemba inaanza upya. Simu inalia, nafungua, ni binamu yangu wa Kayole, au mtu tuliimba naye kwaya, au yule msee wa Form Two ambaye hatujaongea tangu tumalize shule. Ametuma video. Trekta kubwa ya kijani, taa zinamulika juu ya paa, inatoka mlangoni mwa gereji ya mtu ikivuta mashine nyuma, na theluji inaruka hewani kama maji ya bomba lililopasuka. Ndani ya sekunde 40 kijia cheupe kimekuwa cheusi. Chini yake ameandika: "Wenzetu wana serikali." Halafu vile vikatuni vya kulia.

Nitasema hili bila adabu nyingi. Hiyo si serikali. Hiyo nilikuwa mimi.

Pengine si mimi kwenye video hiyo hasa, lakini kazi ni hiyo hiyo. Niliiendesha majira mawili ya baridi katika kitongoji kimoja upande wa Quebec, ng'ambo ya mto ukitoka Ottawa. Meya hakunilipa hata senti. Alinilipa jamaa mwenye trekta nne na simu mbili, na yeye alilipwa na wenye nyumba, kila mmoja dola mia kadhaa kwa msimu, nyingi zikitolewa kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Ni kama kulipia askari wa geti. Serikali inaaura barabara kuu na ya mtaa. Kutoka barabarani hadi gereji yako ni shida yako na mfuko wako.

Na mashine yenyewe ni poa, sitadanganya. Wengi hudhani inasukuma theluji mbele kama tingatinga. Hapana. Unarudi kinyumenyume juu ya theluji mpaka karibu na mlango wa gereji, unashusha mashine, halafu unaenda mbele taratibu ukiivuta. Mdomo wake umeelekea mbele, kwa hivyo inakula kila kitu ambacho magurudumu yako yamekanyaga. Ndani kuna parafujo kubwa inayosokota kama ya mashine ya kusaga nyama. Inaleta theluji katikati kwa feni la chuma, na feni linaipiga juu kupitia shingo unayoigeuza kwa kibonyezo ukiwa umekaa kwa kebini yenye joto na redio. Nguvu inatoka kwa shafti ya nyuma ya trekta, ile ile ambayo kule Kitale inazungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Nimevuka bahari nikakutana na sheli ya mjomba.

Hata historia yake iko hapo shambani. Arthur Sicard, aliyetengeneza mashine ya kurusha theluji kule Quebec mwaka 1925, inasemwa wazo alilipata kwa kuangalia mashine ya kupura nafaka. Mteja wake wa kwanza, mwaka 1927, alikuwa mji wa Outremont. Ukifika Montreal muulize mtu yeyote Outremont ni mtaa wa nani. Si wa mpanda basi.

Lakini nilikuwa kwa kazi. Oktoba, kabla ardhi haijaganda, unapita mtaa mzima ukipigilia vijiti vya plastiki kando ya vijia, rangi ya kampuni yako, ili usiku wa manane ujue mpaka uko wapi na nani amelipa. Nyumba mbili zinashikana ukuta. Hii ina vijiti, ile haina. Ile isiyo na vijiti, saa kumi alfajiri mzee wa miaka sabini na kitu yuko nje na koleo. Wewe unampungia mkono ukiwa ndani ya joto lako. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya, hata ile nyepesi kama pamba, inaweza kuwa kilo 50 au 100. Ikilowa na kushindiliwa inapita kilo 300. Yeye anaiinua kidogo kidogo. Kumsaidia kungenichukua dakika moja na nusu. Lakini hana vijiti.

Hatari zake hazitokei kwa video. Theluji ya majimaji inaziba shingo, unazima injini, unachukua kijiti unazibua. Kijiti, si mkono. Hata injini ikiwa imezima, parafujo inaweza kuwa imebana nguvu ndani yake, na ukiiondolea kizuizi inajizungusha kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuondoka na vidole. Mkataba wetu ulisema sentimita 5 zikianguka tunatoka. Unaamka saa nane usiku, una vijia 80 vya kumaliza kabla watu hawajaenda kazini, na unafanya hesabu ya dakika kama makanga wa jioni anayehesabu abiria.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ile video huwa imekatwa. Theluji ikiruka inaenda wapi?

Desemba inaenda kwa nyasi za mteja. Hakuna neno. Januari bado kuna nafasi. Ikifika Februari, nyasi za kila mtu zimebeba ukuta mrefu kuninishinda mimi, na ukirusha juu yake inateremka tena kwa kijia ulichotoka kusafisha. Sheria inasema theluji ya mteja ibaki kwa ploti ya mteja. Lakini ni saa kumi na moja alfajiri, umebakisha vijia 30, na kidole kiko kwa kibonyezo cha shingo. Unaigeuza kidogo. Inavuka ukuta inaangukia njia ya miguu. Au kona ya kituo cha basi, maana saa hiyo hakuna mtu pale wa kulalamika. Mji utapita baadaye na vitrekta vyake vidogo usafishe, unajiambia. Kesho. Kesho kutwa.

Hiyo theluji iliyopita kwa feni si ile iliyoanguka kutoka juu. Imepondwa, ikitulia inashikana, na ikilala usiku mmoja inakuwa jiwe. Huwezi kuikanyaga ukapita. Unaipanda, au unashuka barabarani utembee na magari.

Chini ya nyumba niliyopanga, kwa chumba cha ardhini, aliishi mama mmoja wa Bukavu. Alifanya kazi kwa nyumba ya kutunza wazee, zamu ya asubuhi, basi lake saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Jumapili alipika bugali na sombe akatuita wote tunaoongea Kiswahili, kila mmoja na chake, sisi wa Nairobi tukichekwa kwa vile tunavyokata maneno. Jumapili moja ya Februari hakupika. Tulimkuta ameketi na mkono kwa plasta. Gari liliteleza kwenye kona, yeye alikuwa barabarani kwa sababu njia ya miguu haikuwepo, akajirusha kwa ukuta wa theluji akavunjika kifundo cha mkono. Dereva hakusimama. Pengine hakuona.

"Pole sana, Mama," nikamwambia. "Ni kona gani?"

"Ile ya nyumba ya mulango mwekundu. Ile teluji munatupaka mu njia, mutoto yangu, batu ba miguu bapite wapi?"

Alisema "munatupaka" kwa wingi, akimaanisha kampuni zote, mji wote, Kanada yote. Hakujua. Mlango mwekundu ulikuwa kijia changu cha 52. Nilimchemshia chai nikanyamaza, na sijawahi kumwambia mpaka leo. Akisoma hapa, basi.

Jumatatu nilienda kwa bosi. Nataka kuwa mkweli kwake, hakuwa mtu mbaya, Krismasi alitupa kuku wa kuoka kila mmoja. Alinijibu bila hasira kwamba hakuna mteja anayetulipia kituo cha basi. Na ni kweli, hakuna. Hapo ndipo nilipoielewa ile kazi. Mashine ya kurusha theluji haimalizi theluji. Inaitoa kwa mtu aliyelipa na kumpa asiyelipa, na inafanya hivyo haraka na kwa urembo hadi watu wanaichukua video.

Mtaniambia Montreal je? Kule mji wenyewe unafanya. Sawa, twende Montreal. Kila msimu wa baridi zinaanguka kama mita mbili za theluji, na mji una zaidi ya kilomita 10,000 za barabara na njia za miguu za kusafisha. Vitrekta vinapita kwa njia za miguu, magari ya kuburuta yanalia ving'ora usiku kuwaambia watu waondoe magari yao, kisha mashine kubwa ya kurusha inatembea sambamba na lori na kulijaza. Huo mfumo nauheshimu. Umejengwa kwa kodi na kwa kelele. Watu wa kule barabara isiposafishwa siku mbili, diwani halali.

Lakini hata hapo, lifuate lori. Kuna machimbo ya mawe ya zamani yanaitwa Francon. Ndiyo dampo kubwa kuliko yote la theluji ya Montreal, na mlima wake unaweza kukaa hadi kiangazi, umeshakuwa mweusi, una chumvi, una takataka za mitaa yote. Machimbo hayo yako Saint-Michel. Saint-Michel ni mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji, Wahaiti wengi tu, na ulikuwa na machimbo mengine pia, Miron, ambayo kwa miaka mingi ndiyo yalikuwa jaa la taka la mji. Mlima huo hauko Outremont.

Sisemi haiwezekani kufanya vingine. Mji mdogo wa Uswidi, Karlskoga, mnamo 2011 uligeuza mpangilio. Badala ya kuanza na barabara kubwa, ukaanza na njia za miguu, za baiskeli, vituo vya basi na njia za kwenda shule za chekechea. Mashine zile zile, theluji ile ile. Walikaa chini wakauliza ni nani anatembea, wakakuta ni wanawake zaidi. Na hospitalini kipindi cha utelezi wanaoletwa ni wapita njia wengi kuliko wenye magari. Gari linapita kwa sentimita kumi za theluji bila shida. Mama mwenye kigari cha mtoto hapiti. Hakukuwa na uvumbuzi wowote pale. Walibadilisha foleni tu.

Na ndio maana hiyo "Wenzetu wana serikali" inaniudhi. Inatufundisha kushangaa mashine na kusahau foleni. Si tunajua huu mchezo nyumbani? Landilodi anaweka kabro ploti nzima, tone la mvua halina pa kuzama, anatoboa ukuta na kuelekeza bomba nje. Ndani ya geti ni pakavu, pasafi, pa kupigia picha. Nje kuna ziwa, na wewe wa kutembea unaruka mawe ukiwa umeshika viatu mkononi. Maji yanateremka ploti hadi ploti mpaka yafike kwa asiye na ploti. Mvua za Aprili 2024 zilipopiga Nairobi, mlijionea Mathare maji yaliishia wapi. Mtu akituma video ya ile kabro ikimeta baada ya mvua, tutaandika nini chini yake?

Wenzangu wa majuu pia tuna makosa. Tunapiga picha mbele ya theluji na jaketi la kukopa, tunaandika "baraka", hatuandiki kwamba tumeamka saa nane usiku. Mimi nimefanya hivyo. Nina picha kwa kebini, nimeinua kidole gumba, ina mapendo 300 na zaidi. Nyuma yangu, ukikuza, unaona kona ya mlango mwekundu.

Nilichofanya ni kidogo. Kuanzia wiki ile hadi mwisho wa Machi, nikimaliza kijia cha 52 nilikuwa nashusha mashine tena nakata mita kumi za njia ya miguu mpaka kituoni, shingo nikiielekeza kwa nyasi za mlango mwekundu, hata kama nusu ilirudi. Dakika tatu. Trekta ina kifaa cha kuonyesha iko wapi, kwa hivyo bosi aliona. Mara ya kwanza aliuliza. Mara ya pili alikata. Novemba iliyofuata hakunipigia simu, na sasa niko kwa ghala, napakia maboksi, na basi la saa kumi na mbili kasoro kumi ndilo langu pia. Kuna kijana mwingine kwa ile trekta. Ana haraka, kama nilivyokuwa. Mama kifundo kinamuuma siku moja kabla theluji haijaja. Tunamwamini yeye kuliko redio.

Jana binamu ametuma nyingine. Hii ni ya rangi ya machungwa, muziki wa amapiano umewekwa juu. Nimemuuliza shingo ya mashine imeelekea wapi.

Amejibu: "Shingo gani?"