Mbwa wa Kale Hana Cheti

Muulize mfugaji wa German Shepherd asili ya mbwa wake, kisha tafuta kiti ukae. Utasimuliwa habari za mbwa mwitu wa misitu ya Ujerumani, za wachungaji wa zama zisizo na tarehe, za damu ambayo haijachanganyika tangu na tangu. Akimaliza atakuonyesha mbwa wa jirani aliyelala kivulini na kusema, "Yule ni koko tu." Mijini kwetu imani hii imekuwa kama msahafu: mbwa mwenye cheti ni wa kale na safi, wa kienyeji ni mchanganyiko wa juzi. Ni uongo mtupu. Ukitaka ukweli, igeuze imani hiyo kichwa chini miguu juu.

Tuanze na huyo Mjerumani, kwa kuwa siku zake zinajulikana. Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, Max von Stephanitz, ofisa aliyewahi kutumikia jeshi la wapanda farasi, alimwona mbwa wa kuchungia kondoo aliyeitwa Hektor Linksrhein. Akamnunua, akambadilisha jina akawa Horand von Grafrath, na kabla mwezi haujaisha akaasisi chama cha wafugaji na kumwandika Horand namba moja daftarini. Mwezi uliofuata, reli iliyotoka Mombasa ikafika Nairobi. Kwa hiyo huyu "mbwa wa kale" ni rika moja na jiji la Nairobi.

Mtetezi wake atadakia kwamba mbwa wa wachungaji walikuwapo Ujerumani kabla ya hapo. Naam, walikuwapo: wakubwa na wadogo, wa manyoya marefu na mafupi, wa masikio ya kusimama na ya kulala, kila mkoa na wake. Mchungaji alizalisha yule anayeijua kazi, hakuuliza babu yake ni nani. Hao kwa lugha ya mitaani kwetu ni mbwa wa kienyeji! Stephanitz na wenzake waliwachukua wa Thuringia na wa Württemberg, wakawazalisha, mara nyingi jamaa wa karibu kwa jamaa wa karibu, mpaka sura ikatulia. Mbwa aliyeandikwa akawa "safi", ndugu yake aliyeachwa malishoni akawa si kitu. Tofauti kati yao ilikuwa wino.

Wala si Wajerumani walioanza mchezo huo. Uingereza ilifanya maonyesho yake ya kwanza ya mbwa ya kisasa mjini Newcastle mwaka 1859, na mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club ya kusimamia maonyesho na orodha za nasaba. Palipo na mashindano pana majivuno, na palipo na majivuno babu wa heshima lazima apatikane. Ndipo Rottweiler akaozeshwa kwa majeshi ya Roma. Ndipo mbwa wa Malta wa kuwindia sungura, ambaye Wamalta wenyewe wanamwita Kelb tal-Fenek, akapewa na Waingereza jina la Farao, eti kwa sababu anafanana na mbwa waliochorwa kwenye makaburi ya Misri. Mwaka 2004 watafiti walilinganisha vinasaba vya aina 85 za mbwa, na "mbwa wa Farao" hakuonekana kuwa na ukale wowote wa pekee. Kufanana na mchoro si udugu.

Mwaka 2012, Greger Larson na wenzake walikagua tena hata zile aina chache ambazo vinasaba vyake viliitwa vya kale. Walisema aina hizo zimeonekana za pekee kwa sababu zilikaa mbali na mbwa wengine, hazikupata nafasi ya kuchanganyika sana. Mbwa kama mbwa ndiye wa kale. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mbwa alizikwa pamoja na watu miaka ipatayo 14,000 iliyopita. Kila mbwa aliye hai, mwenye cheti na asiye nacho, ana mababu wa umri huo.

Sasa twende kwa yule koko. Mwaka 2009, timu ya Adam Boyko ilichapisha uchunguzi wa mbwa wa vijijini 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao walikuwa na damu ya wenyeji wa bara hili, hawakuwa mabaki ya mbwa wa wakoloni. Rhodesian Ridgeback, anayeuzwa kwa sifa ya Uafrika, ndiye aliyekutwa na damu ya nje kwa sehemu kubwa.

Na kama bado hamjaamini, tazameni Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka. Wamarekani walimfungia daftari, wakazalisha kizazi baada ya kizazi kutoka kwa mababu wachache, mpaka maradhi ya kurithi, yakiwamo ya figo, yakawatisha. Walifanya nini? Wafugaji wao walifunga safari hadi Zaire miaka ya 1980, wakachukua mbwa vijijini, na mwaka 1990 daftari likafunguliwa kuwapokea. Usafi ulikwenda kuokolewa na mbwa asiye na karatasi.

Sina ugomvi na German Shepherd. Akifunzwa ni mbwa hodari kweli. Ugomvi wangu ni na bei inayopandishwa kwa hekaya, na dharau inayomfanya mbwa wa kienyeji apigwe mawe na kunyimwa chanjo huku yeye ndiye anayelinda boma usiku kucha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, ulizia eksirei ya nyonga za wazazi, maana ugonjwa wa nyonga unaisumbua sana mbegu hiyo. Mtazame mama yake akitembea. Dai kadi ya chanjo. Muuzaji akianza kukusimulia damu ya kale, rudisha pesa mfukoni. Na kama langoni tayari una mbwa wa kienyeji, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa wiki hii. Huyo ndiye mbwa wa kale uliyekuwa ukimtafuta.