Ajengaye Ndiye Atoaye Jina

Malenga mwenzangu mmoja aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, umestaafu, una wajukuu, programu za kompyuta za nini tena?" Nilicheka, nikamwahidi jibu la maandishi. Jibu lenyewe ni hili.

Katika miaka yangu ya kufundisha nilikusanya mashairi ya wanafunzi katika madaftari. Nilitaka yapate ghala mtandaoni, msomaji aombe tarbia zenye kina fulani na azipate. Nikatambua kuwa kurasa zilizoandikwa mara moja zikaachwa hazitoshi. Kivinjari cha msomaji ni mlango tu: hutuma ombi, huonyesha jibu. Ombi hupokewa na seva, na humo ndani sharti iwepo programu ya kulisoma, kupekua hifadhidata, kuteua beti na kuunda ukurasa papo hapo. Programu ya namna hiyo ndiyo ninayojifunza kuiandika, kwa lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995.

Nilidhani ugumu ungekuwa katika mabano na nukta mkato. Kumbe ulikuwa katika Kiswahili changu mwenyewe. Nilitaka seva ikague kama kila mshororo una mizani 16, 8 kwa 8. Nikaiagiza ihesabu irabu, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. "Mbuzi" likapata mizani 2; sawa. "Mtu" likapata 1. Kosa, kwa kuwa m hapo ni silabi kamili. Nikaongeza kanuni kwamba m ikitangulia konsonanti ihesabiwe. "Mtu" likapona, "mbuzi" likaharibika. Nikazitoa b na w katika kanuni hiyo. Ndipo yakaja "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Katika la kwanza twatamka m-ba-ya, mizani 3. Katika la pili mba-ya, mizani 2. Herufi ni zilezile! Seva haiwezi kuzitofautisha mpaka ifundishwe ngeli.

Nani ataifundisha? Mtaalamu wa kompyuta asiyesikia tofauti hiyo hatajua hata kwamba amekosea. Mashairi yetu yatahukumiwa kuwa yana guni nayo hayana. Ajuaye ni yule aliyewahi kurudishiwa shairi lake na mwalimu kwa mshororo uliopwaya. Ndiyo maana nasema kazi hii yatuhusu sisi.

Wapo wanaosema tusubiri kwanza istilahi zote zisanifiwe, ndipo tujifunze. Nawaheshimu wasanifu wa istilahi, lakini sikubaliani na subira hiyo. Andi Gutmans na Zeev Suraski walikuwa wanafunzi wa chuo cha Technion, Haifa, walipoandika upya kiini cha PHP, toleo la 3 likatoka mwaka 1998. Alama ya nukta pacha mbili zilizofuatana (::) waliipa jina la Kiebrania, Paamayim Nekudotayim, yaani nukta pacha mara mbili. Kwa miaka mingi waandishi wa programu duniani kote, wakikosea mahali fulani, walitupiwa neno hilo machoni, wakalazimika kuuliza maana yake. Vijana wale hawakungoja ruhusa ya kuitumia lugha yao. Walijenga, na waliyemjengea akalipokea jina.

Nasi twaweza. Maneno ya msingi ya PHP ni ya Kiingereza, na sioni haja ya kupigana nayo. Ila majina ya vigeu, ya majedwali, na ya amri tunazojitungia ni hiari ya mwandishi. Katika programu yangu kuna hesabuMizani na tafutaKina, na jedwali liitwalo beti. Kompyuta haijanung'unika hata siku moja. Istilahi iliyozaliwa kazini huzoeleka upesi kuliko ile inayongoja mtumiaji kamusini.

Basi, walimu wenzangu wa Kiswahili, tafuteni kijana mmoja ajuaye programu mkae naye meza moja. Nanyi vijana, msiwaonee haya wazee wa vina. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kama mikono yangu imechelewa kusana, nitavukuta. Kwa sasa ningali nahangaika na ngeli: leo jioni naiandikia seva orodha ya nomino za watu, ili "mbaya" lijue limefuatana na nani.