KILIMO SI ADHABU YA KIJANA
Mwaka 1983 Serikali ilipitisha Sheria ya Nguvukazi. Vijana wasio na ajira Dar es Salaam wakazolewa mitaani, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini. Nani angebaki na jembe la mkono, bila mtaji wala soko?

Mwaka 2023 ukaja mpango wa BBT: mafunzo, kisha mashamba ya pamoja kule Chinangali, Dodoma. Safari hii kijana anaomba, hakamatwi. Sawa. Lakini cheti hakinyeshi mvua! Apewe maji, mkopo nafuu na hati ya shamba kwa jina lake.

Nanyi vigogo mnaotuhubiria vijiweni kwamba ardhi ni mali, watoto wenu wanalima wapi?