Afisa wa akiba akikosa cheo, nani abebe lawama ya karatasi iliyopotea?

Kila mwaka bodi za upandishaji vyeo za Jeshi la Nchi Kavu la Marekani hukutana, husoma majalada, hupiga kura na kufunga kikao bila kumweleza yeyote sababu. Orodha ikitoka, aliyemo hupongezwa. Asiyemo hana wa kumuuliza: haandikiwi hukumu, haonyeshwi alama, na sheria yenyewe inakataza mjadala wa bodi kutolewa nje. Kwa afisa wa akiba, yaani mtu mwenye ajira yake ya kiraia ambaye kwa kawaida huvaa sare wikendi moja kwa mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka, njia inayobaki ni kuomba jalada lake lisomwe upya. Swali ni kwa masharti gani jeshi limkubalie.

Majibu ya haraka ni ya aina mbili. Wapo wanaosema kila aliyekosa cheo huona ameonewa, kwa hiyo mlango ukifunguliwa hautafungika. Wapo wanaosema mtu aliyetumikia miaka 12 au 13 hawezi kuondolewa kwa kura ya siri isiyo na maelezo. Wote wana hoja, ila wanabishana mahali pasipo na tatizo. Tatizo halisi limejificha kwenye sharti moja dogo la kanuni, na kwenye hesabu ya miezi.

Tuanze na sheria yenyewe. Maafisa wa akiba wanaongozwa na sheria inayojulikana kwa kifupi cha ROPMA, iliyopitishwa na Kongresi mwaka 1994 na kuanza kutumika Oktoba 1996, ikichukua nafasi ya utaratibu uliotokana na sheria ya 1954. Chini yake vyeo vinagombewa: haitoshi kutimiza masharti, sharti uonekane bora kuliko wenzako. Jina la kapteni ni lazima lipelekwe mbele ya bodi ya umeja mapema, ili akichaguliwa apande kabla ya kupitisha miaka 7 katika cheo chake. Akikosa, hupewa nafasi ya pili. Akikosa tena, huondolewa kabla ya siku ya kwanza ya mwezi wa saba kupita, ukihesabu kutoka mwezi ambao ripoti ya bodi iliidhinishwa, isipokuwa jeshi liamue kumbakisha au awe ameshavuka miaka 18 ya utumishi, ambapo hulindwa hadi afikishe 20.

Meja aliyekosa mara mbili ana ahueni, kwani anaweza kubaki hadi atimize miaka 20 ya uafisa. Kapteni hana ahueni hiyo, na hapo ndipo maisha ya mtu yanapoguswa. Askari wa akiba hupata pensheni baada ya miaka 20 inayokubalika, kila mwaka ukiwa na alama zisizopungua 50, na malipo kwa kawaida huanza akiwa na umri wa miaka 60. Mwenye miaka 13 akitolewa, asipopata njia nyingine ya kuendelea kutumikia, halipwi sehemu ya pensheni inayolingana na miaka yake. Yote inapotea.

Dhidi ya makosa, sheria imeweka milango miwili. Wa kwanza ni wa afisa ambaye jina lake halikupelekwa kabisa mbele ya bodi kwa kosa la kiofisi. Huyo, Waziri wa Jeshi analazimika kumwitishia bodi maalumu ya uteuzi. Wa pili ni wa afisa ambaye jina lilifika, lakini bodi ilikiuka sheria, au ilisoma jalada lenye kosa zito, au haikuwa na taarifa muhimu mbele yake. Kwa huyu wa pili, Waziri anaweza kuitisha bodi maalumu. Halazimiki.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: utaratibu wa bodi maalumu umefikiriwa vizuri. Inasoma jalada kama lilivyopaswa kuonekana siku ile, si kama lilivyo leo, na inalilinganisha na sampuli ya majalada ya waliochaguliwa na waliokosa. Afisa akichaguliwa, hupewa cheo kwa tarehe ambayo angekipata tangu mwanzo, pamoja na mishahara na stahiki zake. Yule wa mlango wa pili akikosa, hahesabiwi kushindwa kwa mara nyingine. Anarudi pale alipokuwa.

Kinachokataliwa ni rufaa ya kusema bodi ilipima vibaya. Afisa hawezi kudai kwamba yeye ni bora kuliko fulani aliyepita. Naona katazo hilo ni sahihi. Bodi ina wajumbe wasiopungua watano, walau nusu yao wakiwa maafisa wa akiba wenyewe, na mjumbe haruhusiwi kukaa bodi mbili mfululizo za cheo kilekile. Kila mmoja husoma jalada peke yake na kutoa alama ya 1 hadi 6. Wakijua kwamba kesho kila alama itadaiwa maelezo mbele ya wakili, watatoa alama za kujilinda, na atakayeumia ni yule afisa wa kipekee ambaye jalada lake linahitaji mtu wa kuthubutu. Mahakama nazo zimejiwekea mpaka. Mwaka 1953, katika kesi ya Orloff dhidi ya Willoughby, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuliamuru jeshi limpe daktari aliyeandikishwa cheo cha uafisa alichokitaka. Tangu hapo majaji wameweza kuirudisha kesi jeshini utaratibu ukikiukwa, lakini wao hawamvishi mtu nyota.

Basi kama msingi ni mzuri, kasoro iko wapi? Iko kwenye sharti la uangalifu. Kanuni zinasema ombi la kusomwa upya halitakubaliwa ikiwa afisa, kwa uangalifu wa kawaida, angeweza kugundua kosa na kulirekebisha kabla bodi haijakaa. Ukilisoma haraka, halina ubaya. Jalada siku hizi liko mtandaoni. Afisa anaweza kulifungua usiku akiwa nyumbani, akalipitia na kulithibitisha. Sheria inataka apewe notisi siku zisizopungua 30 kabla ya bodi, na inamruhusu kuiandikia bodi barua. Asiyefungua jalada lake mwenyewe amlaumu nani?

Lakini hebu tulitazame jalada lenyewe kwa karibu. Ukurasa unaobeba uzito mkubwa ni taarifa ya tathmini. Ina sehemu ya mkuu wa karibu wa afisa na sehemu ya mkuu wa juu zaidi, kila mmoja na maneno yake na saini yake. Jicho la mjumbe hukimbilia kisanduku cha mkuu wa juu, kwa sababu alama ya juu kabisa pale ina mgawo: mkuu huyo anaruhusiwa kuitoa kwa chini ya nusu ya maafisa wa cheo hicho anaowatathmini. Haigawiwi kama peremende. Kapteni aliyeipata katika mwaka wa mwisho kabla ya bodi amepata ushahidi bora anaoweza kuupata. Taarifa hiyo isipofika, hakuna anayemwambia mjumbe kwamba iko njiani. Anachokiona ni mwaka mtupu.

Chukua mfano wa kapteni ambaye siku za kazi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Notisi inamfikia. Anafungua jalada usiku uleule, anaona tathmini ya mwaka jana haipo. Hadi hapo ni mwangalifu kuliko wengi. Sasa azibe pengo. Mkuu wake wa karibu ameshahamia kikosi cha jimbo jingine. Mkuu wa juu ameitwa kazini ng'ambo. Karani wa utumishi wa kikosi naye ni mtu wa akiba, na wikendi ya mazoezi ni moja tu ndani ya siku zile 30. Kapteni anatuma barua pepe, anapiga simu, anajibiwa kwamba fomu inasubiri saini. Saini hiyo si yake na hawezi kuitia. Bodi inakaa, inasoma mwaka mtupu, inampita. Akiomba kusomwa upya, anaambiwa: uliona pengo kabla, na hukulirekebisha.

Afisa wa kudumu aliyepatwa na jambo hilohilo huenda Jumatatu asubuhi kwenye ofisi ya utumishi, akasimama mlangoni hadi kieleweke. Kanuni ni moja kwa wote wawili, lakini imetungwa kwa mtu aliye kazini siku tano kwa wiki, ikavalishwa mtu mwenye siku mbili kwa mwezi. Ongeza waliohamia Akiba kutoka Walinzi wa Taifa wa majimbo, au waliotoka jeshi la kudumu, ambao karatasi zao hupita mikono kadhaa kabla ya kukutana jalada moja. Ongeza cheti cha kozi ya makapteni, ambayo wengi huisoma kwa masafa usiku na kuimalizia kwa likizo isiyo na mshahara. Sheria ya 1994 inayolinda ajira za wanaotumikia jeshi humzuia mwajiri asimfukuze. Haimwongezei saa.

Kasoro ya pili ni ya miezi. Ombi la kwanza huenda Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Likikataliwa, afisa hukimbilia bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za jeshi, chombo cha raia kilichotokana na sheria ya 1946, akitumia fomu ya DD 149. Ana miaka 3 ya kuomba tangu alipogundua kosa. Upande wa bodi hiyo, sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na yote yasivuke 18. Weka hesabu hizo sambamba na ile ya kwanza. Kapteni aliyekosa mara mbili anaondoka kufikia mwanzo wa mwezi wa saba. Bodi ikitimiza lengo lake barabara, bado kapteni anaweza kupokea ushindi wake akiwa nje ya jeshi.

Watetezi wa utaratibu wa sasa hujibu kwamba bodi inaweza kumrudisha, kumlipa na kurekebisha kumbukumbu zake. Ni kweli, na wapo waliorudishwa. Ila nafasi yake kikosini imeshajazwa. Kamandi aliyopaswa kuishika katika kipindi alichokuwa nje imeshikwa na mwingine. Na atakapofika mbele ya bodi ya kuwa luteni kanali, wajumbe watasoma jalada lenye miaka miwili bila tathmini yoyote, kwa kuwa hakuna mkuu anayeweza kumpima mtu ambaye hakuwapo. Marekebisho ya kosa la kwanza yanakuwa yamezaa pengo la pili, tena safari hii pengo lisilozibika.

Dawa si kulegeza kila kitu. Tukisema karatasi yoyote ikikosekana bodi maalumu iitishwe, tutakuwa tumewafundisha maafisa kunyamaza. Mjanja ataliona pengo, ataliacha, na kulitunza kama bima: akipita, vizuri, akikosa, anayo rufaa mfukoni. Hoja hiyo ya wakuu wa jeshi ni nzito na haipaswi kupuuzwa.

Inaweza kujibiwa kwa kutumia kitu ambacho sheria tayari inacho, yaani ile barua kwa bodi. Afisa aliyeandika kabla ya kikao kwamba hati fulani haipo, akataja ni ipi na nani anapaswa kuitia saini, awe amemaliza wajibu wake wa uangalifu. Kuanzia hapo mzigo uhamie kwa jeshi, kwa sababu ndilo lenye hati, lenye watia saini na lenye uwezo wa kuwaamuru. Ikiwa hati hiyo ni ya lazima, kama tathmini ya mwaka au cheti cha kozi, na baadaye ikathibitika kwamba ilistahili kuwamo, neno "anaweza" katika sheria ligeuke "atalazimika". Aliyenyamaza aendelee kubanwa na kanuni ya sasa, na huyo mjanja mwenye bima hatakuwa na cha kudai.

Kwa upande wa miezi, kapteni aliyewasilisha ombi ndani ya muda mfupi uliowekwa, tuseme siku 60 tangu matokeo kutangazwa, asiondolewe hadi ombi lake la kwanza lijibiwe. Jeshi litabaki na afisa mmoja kwa miezi michache zaidi, akihudhuria wikendi zake na kupata tathmini zake. Ikiamuliwa kwamba hakustahili, ataondoka bila mtu kudaiwa fidia ya miaka ya nyuma. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumtoa, kumrudisha na kumlipa.

Mabadiliko haya hayahitaji sheria mpya nzima. Kongresi hupitisha kila mwaka sheria ya kuidhinisha shughuli za ulinzi, na ndani yake hurekebisha vifungu vya utumishi mara kwa mara. Sharti la uangalifu lenyewe jeshi linaweza kuliandika upya kwenye kanuni zake bila kusubiri wabunge. Bodi ibaki na siri yake na alama zake, na aliyezidiwa na wenzake akubali amezidiwa. Lakini aliyepitwa kwa sababu mkuu wake hakutia saini hajashindanishwa na mtu yeyote bado, na jeshi linalomwondoa halijui limempoteza afisa wa aina gani.