Malkia Asiyelala
Dmitry Levitsky alipomchora Catherine wa Pili wa Urusi mwaka 1783, hakumkalisha kwenye kiti cha enzi. Alimsimamisha kando ya madhabahu, mkono ukielekea maua ya mpopi yanayoungua. Mpopi ndio mmea wa afyuni, mleta usingizi. Basi tuelewe kwamba mama huyu anateketeza usingizi wake kwa ajili ya raia. Miguuni tai ametua juu ya vitabu vya sheria. Picha tamu, sikatai. Ila mwaka huohuo amri yake iliwafunga wakulima wa Ukraine kwenye ardhi ya mabwana, na Levitsky, mwenyewe mwenye asili ya Ukraine, hakuwaachia hata pembe moja.